Gemu za ubao kwa nyumba yenye mtoto mdogo na kijana: uchague ipi kati ya hizi

Nyumbani kwangu kuna wa miaka 7, wa 11 na wa 15, na kwa muda mrefu nimekuwa natafuta gemu ambayo hao watatu pamoja na sisi wazazi tunaweza kukaa nayo meza moja, mkubwa asianze kuchungulia simu na mdogo asimalize jioni analia. Zipo. Ila nimejaribu nyingi hadi kuzipata, na naona watu wengi wanaangalia boksi tu, boksi limeandikwa miaka 8 kwenda juu, wachezaji wawili hadi wanne, dakika 45, basi wanabeba. Hayo maandishi yanasaidia kidogo sana. Mi siku hizi naangalia mtu anasubiri zamu yake kwa muda gani, anayeelekea kushindwa bado ana cha kufanya mpaka mwisho au anabaki kutazama wenzake, na yule mdogo atahitaji kusoma kitu au hahitaji. Kijana mkubwa naye ana lake, anataka awe na cha kuamua. Ukimletea gemu ambayo dadu ndo inaamua kila kitu atacheza raundi moja kwa heshima yako, ya pili humwoni.

Nazilinganisha mbili mbili, sababu ndivyo inavyokuwa ukiwa dukani, mkononi una boksi mbili na unatakiwa uondoke na moja.

Ludo na nyoka na ngazi, au Kingdomino?

Nyoka na ngazi ni nzuri kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, anajifunza kuhesabu, anajifunza kusubiri zamu, anafurahia kupanda ngazi. Lakini hakuna uamuzi hata mmoja ndani yake, unarusha dadu, unasogea, basi. Ludo ina nafuu kidogo, unachagua kete ipi isogee na ipi ikae, unaamua kama unamla mtu au unakimbilia nyumbani. Shida yake ni ile sita ya kutokea. Nimeona mtoto anarusha mara nane tisa sita haiji, wenzake wako nusu ya ubao, yeye kete zake zote nne ziko ndani, na hapo huwezi kumwambia avumilie sababu kiukweli hachezi, anatazama. Sisi tulishabadilisha, kila mtu anaanza na kete moja tayari iko nje, na tangu hapo Ludo kwetu imekuwa gemu nyingine kabisa.

Kingdomino inachezwa kwa dakika 15 hadi 20 hivi na inafanya kazi ambayo Ludo haiwezi. Ina vipande 48 kama vya domino, badala ya nukta kuna ngano, msitu, maji, nyasi, kinamasi na mgodi, na kila mtu anajenga ufalme wake wa viwanja 5 kwa 5. Mwisho unahesabu kila eneo, idadi ya viwanja mara idadi ya taji zilizomo, yaani eneo la viwanja 6 lenye taji 2 ni pointi 12, na eneo la viwanja 9 ambalo halina taji hata moja ni sifuri. Mtoto wa miaka 7 analinganisha rangi tu na anafurahi ufalme wake unavyokua, wa 15 anapiga hesabu za taji na anajua kwamba akichukua kipande kizuri sana raundi hii basi raundi ijayo atachagua wa mwisho. Meza moja, gemu moja, kila mtu anaicheza kwa akili yake. Hakuna kusoma. Na hakuna anayekubomolea ufalme wako, kitu ambacho kwa watoto wadogo ni muhimu kuliko watu wazima tunavyodhani. Kasoro yake ni kwamba boksi la kawaida linaishia watu wanne, sisi tuko watano kwahiyo mmoja wetu wazazi anaungana na mdogo.

Kama mko wanne na mnataka kitu cha kukaa nacho zaidi kidogo, Qwirkle pia haina maandishi: vigae 108, rangi 6, maumbo 6, unapanga mstari wenye rangi moja maumbo tofauti au umbo moja rangi tofauti, ukimaliza mstari wa sita unapata 12. Ni tulivu sana. Wa kwangu wa 15 anaiona ya kitoto kwa dakika tano za kwanza halafu akishapigwa na mdogo wake anaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

Monopoly au Catan?

Hapa ndo watu wengi wanakwama, sababu Monopoly kila mtu anaijua na Catan inaonekana ngumu.

Monopoly ina raha yake, mtoto anashika noti, ananunua mtaa, anatoza kodi, anajisikia mkubwa. Lakini ni gemu ya kufilisiana, na aliyefilisika anatoka. Fikiria mtoto wa miaka 9 ametoka mezani na wenzake wanaendelea saa nzima nyingine. Na hata kabla hajatoka, kuna ile hali ambayo kila mtu anaona fulani keshashinda ila inabidi mzunguke tu mpaka mwisho uje wenyewe. Sehemu ya tatizo tunajiletea sisi. Kwenye sheria rasmi, ukitua kwenye mtaa ambao hauna mwenyewe na hutaki kuununua, unaenda kwenye mnada na yeyote anaweza kuuchukua, nyumba nyingi hazifanyi hivyo kabisa. Na ile ya kuweka faini katikati ya ubao halafu anayetua kwenye maegesho ya bure anazoa, haimo kwenye sheria, ni nyongeza ya watu, na inarudisha hela kwa waliokaribia kufilisika ndo maana gemu haiishi. Cheza na mnada, toa hizo hela za katikati, weka saa moja na nusu kwenye simu, ikilia kila mtu ahesabu mali yake na mwenye nyingi kashinda. Kama tayari unayo kabatini, fanya hivyo kabla hujafikiria kununua nyingine.

Catan ilitoka Ujerumani mwaka 1995, aliyeibuni ni Klaus Teuber, na mwaka huohuo ikachukua Spiel des Jahres, tuzo ya gemu bora ya mwaka ya Wajerumani ambayo inatolewa tangu 1979 (ukiona alama ya tuzo hiyo kwenye boksi jua kuna watu makini walikaa wakaicheza, na mara nyingi ni gemu ya familia). Kisiwa kinapangwa kwa vipande 19 vya pembe sita, kila mtu anaanza na makazi mawili na barabara mbili, dadu zikirushwa namba ikitoka wote wenye makazi pembeni ya namba hiyo wanapata mali, mbao, matofali, sufu (sisi tunaiita kondoo), ngano au mawe ya madini. Kwahiyo hata zamu ikiwa ya mwenzako unapokea, na anaweza kukuomba mbadilishane, hakuna anayelala. Hakuna anayetolewa. Anayefika pointi 10 kwanza kashinda.

Kitu kimoja cha Catan ambacho nakipenda mno ni zile nukta ndogo chini ya namba. Dadu mbili zina matokeo 36, saba inatoka kwa njia 6, sita na nane kila moja kwa njia 5, na mbili au kumi na mbili kwa njia moja tu. Nukta zinaonyesha hiyo hesabu, na sita na nane zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Wa kwangu wa 11 alijenga makazi yake pembeni ya 12 sababu "ndo namba kubwa", akakaa raundi baada ya raundi hapati kitu, mara ya pili tulipocheza nikamwona anahesabu nukta kwa kidole kabla hajaweka chochote. Sikumfundisha mimi.

Ila kwa mtoto wa miaka 7 Catan siishauri, na boksi lenyewe linasema 10. Biashara ndo inamwumiza. Anabaki anamwambia mkubwa, "Dada, mbona hutaki kondoo wangu?" na dada anamtajia bei ya ajabu, kondoo watatu kwa tofali moja, mtoto anakubali, baadaye anagundua. Halafu kuna jambazi: saba ikitoka, mwenye kadi zaidi ya 7 anarudisha nusu, na aliyerusha anamhamisha jambazi akakae kwenye shamba la mtu na kumnyang'anya kadi moja. Kwa vijana hiyo ni utamu mtupu. Kwa mdogo ni uonevu. Na boksi la kawaida ni la watu watatu au wanne, wa tano na wa sita wanahitaji nyongeza inayouzwa peke yake.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, kama wadogo wako wameshafika 10 na kuendelea, chukua Catan bila kusita. Kama kuna wa chini ya hapo usinunue yoyote kati ya hizi kwanza, soma hii inayofuata.

Catan au Ticket to Ride?

Ticket to Ride ni ya Alan R. Moon, ilishinda tuzo hiyohiyo mwaka 2004, na kwangu ndo imekaa mezani mara nyingi kuliko zote. Wachezaji wawili hadi watano, kila mtu ana behewa 45 za plastiki za rangi yake, ramani ya kwanza ni ya Marekani (ipo ya Ulaya pia). Zamu yako unafanya kitu kimoja tu kati ya vitatu: unachukua kadi za rangi, au unaweka behewa kwenye njia, au unachukua tiketi mpya. Umemaliza, anafuata mwingine. Kwa watu watano zamu inakurudia haraka mpaka inabidi umkumbushe mtu zamu yake imefika.

Tiketi ni siri yako, inakwambia unganisha mji huu na ule. Ukifanikiwa unaongezewa pointi zake, ukishindwa unakatwa pointi zilezile. Na njia zenyewe zina pointi ambazo zinapanda kwa kasi, behewa moja ni pointi 1, mbili ni 2, tatu ni 4, nne ni 7, tano ni 10, sita ni 15. Hapo kijana anaanza kufikiri, nikusanye kadi kwa muda niweke ile ndefu ya 15 au niwahi hii fupi kabla haijachukuliwa?

Sababu inachukuliwa. Siku moja binti mkubwa alikuwa amejenga mstari wake kutoka upande mmoja wa ramani karibu hadi mwingine, imebaki njia moja fupi ya behewa mbili, na alikuwa ameshashika kadi zote mkononi anasubiri zamu yake tu. Kabla yake kulikuwa na mdogo. Mdogo akaangalia ramani, akaweka behewa zake mbili palepale, kwa sababu alikuwa na kadi mbili za rangi ile na hakutaka kusubiri. Wala hakujua. Binti akanyamaza, akaziangalia kadi zake, akahesabu behewa zilizobaki, halafu akaanza kuzunguka kwa chini, njia ndefu, ikamgharimu zamu nne, na akaunganisha wakati mtu amebakiza behewa mbili na gemu inaisha. Sijawahi kuona Monopoly ikimfanya mtu akae mbele ya kiti namna ile.

Ukiweka Catan na hii pamoja tofauti iko wazi. Catan mnaongea sana, mnabembelezana, mnanuniana, ni gemu ya mdomo. Ticket to Ride ni ya kimyakimya, kuumizana kupo ila ni kwa bahati mbaya zaidi kuliko kwa makusudi, na mdogo anaweza kushinda. Boksi linasema 8, wa kwangu wa 7 anaiweza sababu kila tiketi ina picha ya ramani inayomwonyesha miji yake ilipo, hata kama majina ya kigeni hajui kuyasoma. Kuna toleo la watoto pia, First Journey, ramani imerahisishwa na anayemaliza tiketi sita kwanza kashinda, hilo ni kuanzia miaka 6, ila kama mkubwa wako ana 15 atalichoka, afadhali ununue la kawaida na umpe mdogo tiketi fupifupi. Kama kuna mtoto anayetambaa ndani ya nyumba, hizo behewa ni ndogo sana na zinaingia mdomoni, chezeeni juu mezani na muzihesabu wakati wa kurudisha.

Carcassonne watu huwa wananiuliza pia. Vigae 72, mnajenga ramani pamoja ya miji na barabara, nzuri, ila hesabu ya mashamba mwishoni inawachanganya watoto. Ichezeni bila mashamba mwanzoni.

Scrabble au Codenames?

Hizi ni gemu za maneno na hapa lugha ndo inaamua.

Scrabble ya kawaida imepangwa kwa Kiingereza, vigae 100, na mtu akijaribu kuicheza kwa Kiswahili anaona mara moja kuna kitu hakiko sawa. K ni moja tu. Huwezi kuandika "kuku" bila kutumia kigae kitupu, kile kisicho na herufi ambacho kinasimama badala ya yoyote. M ziko mbili, ukiandika "mama" umezimaliza. E ziko 12 na A ziko 9 wakati sisi tunaishi kwa A. Q na X zinakaa mkononi kama mawe. Upande mwingine herufi ambazo kwa Kiingereza ni adimu zina pointi nyingi na kwetu ni za kila siku, neno kama "jiko" linakupa 15 kabla hata ya viwanja vya rangi vinavyozidisha pointi. Sisi tunatoa Q na X, kila mmoja anaruhusiwa kubadilisha kigae kimoja bila kupoteza zamu, na tumekubaliana neno lolote linaloweza kusimama peke yake kwenye mazungumzo linahesabika, majina ya watu na mahali hapana. Hapo inanoga, sababu Kiswahili kinarefuka mbele na nyuma, mtu kaweka "pika", mwingine anaongeza "ana" mbele inakuwa "anapika". Lakini hata hivyo mdogo anateseka. Mtu anayesoma kwa shida kidogo anacheza na mtu mwenye maneno elfu kichwani, peke yake, bila msaada. Scrabble ni ya vijana na wazazi, mdogo akalale.

Codenames mnacheza kwa timu, na hilo peke yake linabadilisha kila kitu. Maneno 25 mezani, 5 kwa 5. Kila timu ina mtoa fununu ambaye anaona ramani ya siri, timu inayoanza ina maneno 9, nyingine 8, saba hayana mwenyewe na moja ni muuaji, ukiligusa mmeshindwa hapohapo. Mtoa fununu anasema neno moja na namba, yaani maneno mangapi ya mezani yanahusiana nalo, wenzake wanayaotea, basi. Ukiwa na boksi lenye maneno ya Kiingereza geuza kadi au kata karatasi, andika maneno yako ya Kiswahili, na hapo utashangaa, lugha yetu kama ilitengenezwa kwa ajili ya gemu hii. Andika paa, ua, kaa, meza, chungu, panda, mbuzi. Kila moja lina maana mbili au zaidi. Wa kwangu wa 11 alitoa fununu "dawa, mbili". Chungu tukaipata haraka, dawa ni chungu, sawa. Ya pili tukakwama, mama yake anatafuta kitu cha hospitali, mimi naangalia majani na mizizi, kumbe ni "meza". Dawa unameza! Aliyeliona alikuwa yule wa 7, sababu yeye huwa anaambiwa hivyo kila akiumwa.

Inahitaji watu wanne kwenda juu, wawili au watatu haina raha. Ila kwa kukutana na binamu, mashangazi na babu siku ya mkusanyiko hakuna gemu naiweka juu ya hii.

Dixit iko jirani na Codenames, inatumia picha badala ya maneno, kadi 84 zenye michoro ya ajabuajabu, unatoa sentensi kuhusu kadi yako na wenzako wanaiotea katikati ya kadi nyingine. Wote wakiotea hupati kitu, asipootea hata mmoja hupati kitu, inabidi uwe katikati. Mtoto asiyejua kusoma anaicheza vizuri kabisa na kijana mwenye aibu anaongea vitu ambavyo hajawahi kuvisema. Uno sina mengi, iingie kwenye begi mkisafiri, ila kubalianeni kabla kuhusu kurundika zile za kuongeza mbili na nne, kwenye sheria rasmi hairuhusiwi na nusu ya ugomvi wa Uno unatoka hapo.

Za kushirikiana: Forbidden Island au Pandemic?

Zote ni za Matt Leacock, na zote wachezaji wako upande mmoja, mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja. Forbidden Island kisiwa cha vipande 24 kinazama huku mnatafuta hazina nne na kuondoka wote. Pandemic mnakimbizana na magonjwa manne duniani. Kwa mdogo anayelia akishindwa hizi ni dawa kwelikweli, anza na kisiwa, ni fupi na nyepesi, Pandemic iache mpaka mdogo awe na 9 au 10. Hatari ya zote mbili ni mtu mmoja anayejua kuwachezea wengine, "weka pale, nenda kule", mwishowe watoto wanasogeza kete tu kama wametumwa. Na mara nyingi mtu huyo ni baba au mama. Kwetu sheria ni kwamba hakuna kumshauri mwenye zamu mpaka aombe.

Kwa hiyo kama ningeanza upya na nina watoto kama hawa wa kwangu ningechukua Ticket to Ride kwanza, Kingdomino ya pili kwa zile jioni za dakika 20, Codenames ya karatasi ningeitengeneza mwenyewe hata leo, na Catan ningesubiri mdogo afike 10. Kama vijana wako wote wameshavuka 12, ruka yote hayo, anza na Catan. Usiku wa kwanza msicheze kwa kushindana, chezeni raundi mbili tatu kadi zikiwa wazi mezani kila mtu anaona, mwenye swali aulize, halafu changanyeni upya muanze. Na kwenye Ticket to Ride mkalishe mdogo upande wa ramani ambao tiketi zake ziko, mikono yake haifiki ng'ambo, akijinyoosha anasogeza behewa za kila mtu.